Mwongozo wa kusikiliza albamu ya diski mbili ya roki ya neo-progresivu, kwa anayeanza akiwa Dodoma

Kila ninayempa roki ya neo-progresivu asikilize, swali la kwanza huwa lile lile: "Mbona wimbo hauishi?" La pili: "Kiitikio kiko wapi?" La tatu hutoka kwa aliyesikiliza dakika nne akaacha: "Sasa nianzie wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo naandika yote hapa. Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea bongo fleva, singeli, rege au kwaya, ambaye hajawahi kumaliza albamu ya aina hii, na anakaa Dodoma au jirani: Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, hata Singida.

Historia fupi tu. Muziki huu ulianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijana waliokua wakisikiliza bendi za miaka ya 1970 kama Genesis, Yes na Pink Floyd walitaka kuendelea na nyimbo ndefu zenye hadithi wakati redio zilikuwa zimeshazikinai. Marillion ilianzishwa Aylesbury mwaka 1979 na ikatoa albamu ya kwanza mwaka 1983. IQ ilianza mwaka 1981. Pendragon, Pallas na Twelfth Night ni wa kizazi hicho hicho. Kinanda kina kazi kubwa, gitaa linapewa nafasi ya kuongea peke yake, na wimbo wa dakika kumi si ajabu.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: muziki huu unategemea kumbukumbu yako. Kwenye bongo fleva kiitikio kinakufuata chenyewe mara tatu nne ndani ya dakika tatu. Hukikosi hata ukiwa unaosha vyombo. Huku, sauti uliyoisikia dakika ya kumi na tano inaweza kurudi baada ya saa nzima, imebadilishiwa maneno na mazingira. Usipoikumbuka hutajua kuwa imerudi, na utaona bendi inazurura tu. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa sababu hiyo.

Albamu ya kuanzia

Tutatumia *Marbles* ya Marillion, ya mwaka 2004. Ziko albamu za diski mbili zinazosifiwa zaidi na wakereketwa, lakini hii ina kitu ambacho anayeanza hukihitaji sana: vipande vinne vifupi vyenye jina moja, *Marbles I* hadi *IV*, vilivyotawanywa mwanzo, katikati na karibu na mwisho. Vinarudi na sauti ile ile. Ukivishika hivyo vinne, hutapotea.

Na ina kisa chake. Kwa albamu yao ya mwaka 2001, bendi hii iliwaomba mashabiki walipie kabla haijarekodiwa. Zaidi ya 12,000 walilipa, kama watu wanavyotoa mchango wa harusi ambayo tarehe yake bado haijatangazwa. *Marbles* ikapita njia hiyo hiyo, na waliotanguliza hela majina yao yakachapishwa kwenye kitabu cha albamu. Hakukuwa na bosi wa kampuni wa kuwaambia wafupishe wimbo. Utalisikia hilo.

Vya kuandaa

- Albamu yenyewe, toleo la diski mbili. Hatua ya 1 inaeleza kwa nini nakazia.
- Hedifoni za waya. Za bei ya kawaida zinatosha, mradi pande zote mbili zinafanya kazi. Upande mmoja ukiwa umekufa, nusu ya vinanda hutavisikia.
- Bando au wai-fai ya kushushia. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika 100 zinakula kama MB 240. Ukishusha ubora hadi 160, ni kama MB 120.
- Saa mbili ambazo hakuna mtu anakudai kitu.
- Karatasi na kalamu. Simu haifai kwa kuandikia, maana ukiigusa tu utajikuta unajibu meseji.
- Simu yenye chaji ya kutosha, au pawabenki.
- Mashairi ya nyimbo zote. Yatafute mapema lakini usiyasome bado.

Visivyohitajika: Kiingereza cha kutisha, elimu ya noti, na fulana nyeusi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha toleo. *Marbles* ilitoka kwa namna mbili: diski moja ya madukani, na diski mbili iliyouzwa na bendi yenyewe. Majina ni yale yale, na picha ya jalada inaweza kukuchanganya. Kipimo ni rahisi. Tafuta wimbo unaoitwa *Ocean Cloud*. Kama haupo, umeshika toleo fupi. *Genie* na *The Only Unforgivable Thing* nazo hutaziona humo. Mpangilio wa toleo fupi pia ni tofauti, kwa hiyo usijaribu kuokoteza nyimbo zilizokosekana na kuzipachika mwishoni. Tafuta toleo kamili.

2. Shusha yote, kisha tengeneza simu. Usisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni. Mtandao ukisita dakika ya tisa ya wimbo wa dakika 13, ile kumbukumbu tunayoijenga inakatika. Shusha albamu nzima, weka simu kwenye hali ya ndege, halafu angalia mambo matatu:

Kwanza, zima kuchanganya nyimbo, yaani ile alama ya mishale miwili inayopishana. Hili ndilo kosa linaloongoza. Watu wengi waliwasha siku walipokuwa wanasikiliza mchanganyiko wa rege wakasahau. Pili, zima ikwaliza na kile kitufe cha kuongeza besi. Besi ya Pete Trewavas inatembea na kuimba. Ukiifanya ingurume kama sabufa ya kwenye sherehe, inafunika kila kitu. Tatu, kama programu yako ina kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kizime. Ukimya uliowekwa kati ya nyimbo umewekwa makusudi.

3. Chagua mahali na saa. Hapa ndipo Dodoma inapohitaji akili. Ukikaa Majengo, Chang'ombe au karibu na soko la Sabasaba, mchana usahau. Kuna mziki wa duka la kushoto, tangazo la gari la sumu ya panya, na jirani anayejaribu sabufa mpya. Nyerere Square jioni ni pazuri kwa kukaa, si kwa kazi hii. Wa Kisasa, Ilazo au kule Nzuguni mna nafuu kidogo, ila kuanzia Juni hadi Agosti upepo unapiga madirisha usiku kucha, kwa hiyo funga vizuri. Miezi ya mvua kuna suala la bati, nitalirudia.

Saa nzuri ni saa tatu usiku. Ukianza hapo na kupumzika robo saa katikati, kabla ya saa tano umemaliza.

Wanaouliza kuhusu safarini: treni ya SGR kwenda Dar es Salaam ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani. Muda unatosha albamu yote na mapumziko yake, na nje kuna kitu cha kutazama. Basi la kwenda Singida au Arusha lenye televisheni inayopiga kelele mwanzo mwisho, hapana. Utaongeza sauti ya hedifoni kushindana nayo na utafika na kichwa kinachogonga.

Angalizo la sauti: nusu ya kipimo cha simu au zaidi kidogo tu. Muziki huu una sehemu za kunong'ona na sehemu za kupiga kelele ndani ya wimbo mmoja. Ukipandisha sauti ili usikie mnong'ono, dakika ya kumi itakurusha kitandani.

4. Zoesha sikio kwa ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo. Wengi huniuliza kama hii hatua ni mzaha. Si mzaha, na kwa mtu wa hapa ndiyo njia ya mkato.

Tafuta rekodi yoyote ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa Doguya hapa mkoani, aliyefariki mwaka 2003. *Chibite* ya mwaka 1996 itafaa. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata ilimba peke yake, usijali anachoimba. Utagundua kwamba mzunguko unarudi lakini haurudi vile vile, kuna vidole vinaongeza na kupunguza. Mara ya pili fuata zeze kama lipo, au sauti ya juu kabisa. Mara ya tatu jaribu kushika viwili kwa pamoja. Wagogo wanaimba kwa sauti kadhaa zinazopishana, kila moja na njia yake, na aliyekulia kwenye ngoma za muheme amefanya mazoezi haya tangu utotoni bila kujua. Ndicho kinachotakiwa huku: kushika uzi mmoja huku nyuzi nyingine zikipita.

Na hapa kuna undugu wa kweli. *Chibite* ilitolewa na Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel. Gabriel huyo ndiye alikuwa mwimbaji wa Genesis hadi mwaka 1975, na mwaka 1974 aliimba kwenye albamu yao ya diski mbili, *The Lamb Lies Down on Broadway*, ambayo bendi za neo-progresivu zimeila na kuinywa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba muziki huu na wa Ugogo havijawahi kukaa meza moja, mwambie vilikaa.

5. Diski ya kwanza. Dakika 53 hivi. Lala au kaa, zima taa, usisome mashairi, usiandike. Sikiliza tu.

Inafungua na *The Invisible Man*, zaidi ya dakika 13. Hapa ndipo wengi huangukia, maana inaanza polepole sana. Mtu anasimulia jinsi anavyofifia hadi haonekani, anatembea kati ya watu wasiomwona. Usingoje kiitikio. Badala yake jiulize swali moja tu: sasa hivi muziki unapanda au unashuka? Ukijibu hilo kwa dakika zote 13 umeshafanya kazi. Mwishoni mwimbaji, Steve Hogarth, anaacha kuimba kistaarabu, na hapo utajua ule upole wa mwanzo ulikuwa unalimbikiza nini.

Baada yake tu kinakuja *Marbles I*, hakifiki dakika mbili. Zinduka. Kishike kwa nguvu zote. Ukitaka kirudie mara moja. Ni kipande pekee ninachokuruhusu kurudia siku ya kwanza. Msimulizi anatafuta gololi zake (ndiyo maana ya *marbles*, na kwa Kiingereza kupoteza gololi ni kurukwa na akili), na ndani yake anauliza kama akili yake bado ipo sawa. Sauti hiyo utakutana nayo tena mara tatu.

*Genie* na *Fantastic Place* ni nyepesi, zitajiendesha. *Fantastic Place* inaanza kwa kunong'ona na kuishia kwingine kabisa.

Kisha *The Only Unforgivable Thing* na *Marbles II*, halafu *Ocean Cloud*, karibu dakika 18. Ni mtu anayevuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa makasia, na umekusudiwa kumkumbuka Don Allum, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kuivuka kwa makasia kwenda na kurudi. Sisi ambao maji yetu makubwa ni Bwawa la Mtera inabidi tuazime bahari hiyo kwa masikio. Gawanya wimbo kwa hali ya hewa: bahari imetulia, dhoruba, imetulia tena. Dhoruba ikianza fuata ngoma za Ian Mosley. Ikiisha fuata gitaa la Steve Rothery. Kwa maoni yangu huu ndio wimbo bora waliowahi kutengeneza, na aliyeutoa kwenye toleo la madukani alikuwa na roho ngumu.

Angalizo: usile karanga wakati huu. Ukitafuna, kinanda hukisikii. Wa Dodoma mnajua kwa nini nimelitaja.

6. Pumzika. Robo saa. Vua hedifoni, toka nje, kunywa maji, hesabu nyota kama hakuna wingu. Usiitoe simu kwenye hali ya ndege, na usiweke muziki mwingine hata wimbo mmoja, maana utafuta ulichobeba. Kabla ya kurudi, jaribu kuvumisha kimoyomoyo ile sauti ya *Marbles I*. Ukishindwa, isikilize tena ndipo uendelee.

7. Diski ya pili. Dakika 45 hivi, na ni rahisi kuliko ya kwanza. *Marbles III* inafungua, nawe utatabasamu kwa sababu umeitambua. *You're Gone* ina mapigo ya kuchezeka na ilifika namba 7 kwenye chati ya Uingereza mwaka 2004. Kama una ndugu anayetaka kuonjeshwa kitu kabla ya kukubali, mpe huo. *Angelina* ni ya usiku mnene, mwendo wa kuburuza miguu. *Drilling Holes* ni ya utundu, mimi huwa inanipita.

Halafu *Marbles IV*, kifupi kuliko vyote, na mara moja *Neverland*, dakika 12. Hapa sauti ya mwimbaji inarudiwa na mwangwi, neno kwa neno, kushoto na kulia. Hii ndiyo sababu nilisema hedifoni zifanye kazi pande zote. Usizime wimbo unapodhani umeisha. Acha ufifie wenyewe.

8. Andika mistari michache. Mara tu baada ya kumaliza, bila kuwasha taa kubwa. Wimbo gani umebaki kichwani, wapi ulichoka, wapi ulidhani umesikia kitu kilichokwisha kupita. Usiandike kama ni nzuri au mbaya. Siku ya kwanza hukumu hiyo haina thamani.

9. Rudia baada ya siku mbili tatu, sasa ukiwa na mashairi. Si kesho yake. Acha kichwa kifanye kazi yake. Mara hii soma huku unasikiliza. Zile nyimbo tatu ndefu, *The Invisible Man*, *Ocean Cloud* na *Neverland*, zinachukua karibu dakika 44, yaani si mbali na nusu ya albamu nzima, kwa hiyo muda ukibana soma hizo tu. Linganisha na karatasi yako. Pale ulipoandika "nilichoka" mara nyingi ndipo patakapokushika.

Mambo yakikwama

*Nasinzia.* Hujaharibu kitu. Endelea kesho kuanzia mwanzo wa diski uliyosinzia, si katikati ya wimbo. Ukisinzia mara ya pili, badilisha saa: jaribu alfajiri kabla jogoo na bodaboda havijaanza.

*Nyimbo zote zinafanana.* Unasikiliza mwimbaji peke yake. Rudi hatua ya 4, kisha chagua ala moja, tuseme besi, na uifuate wimbo mzima.

*Natikisa kichwa, napotea.* Huenda mapigo ni saba. Bendi za aina hii, hasa IQ, zinapenda hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Hesabu kwa vidole: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, halafu anza tena. Ukigonga "moja" zote kwa kisigino, ndani ya nusu dakika mwili utakuwa umeshika. Usihesabu wimbo mzima, utaukosa.

*Kiingereza kinanipita.* Siku ya kwanza si tatizo hata kidogo. Siku ya pili tafuta habari kuu tu ya kila wimbo: mtu asiyeonekana, mtu wa makasia, mtu wa gololi. Hata Waingereza wenyewe hubishana kuhusu mistari mingine.

*Mvua juu ya bati.* Kati ya Desemba na Aprili itakukuta tu. Usishindane nayo kwa kuongeza sauti. Simamisha mwisho wa wimbo uliopo, subiri, endelea. Mvua za kwetu hazina tabia ya kukaa sana.

*Watu wa nyumbani wanadhani naumwa.* Mtu amelala gizani saa mbili na waya masikioni, wana haki. Waambie mapema. Na usijaribu kuwapigia *Ocean Cloud* sebuleni ili waelewe. Wape *You're Gone*, au *Don't Hurt Yourself* yenye gitaa kavu, kisha nyamaza.

*Nimerudia mara tatu, bado sipendi.* Basi huipendi, hakuna ugomvi. Ila kabla ya kuhama, jaribu *Brave* ya Marillion hao hao, ya mwaka 1994. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, iliyotokana na habari ya redioni kuhusu msichana aliyekutwa akitangatanga kwenye daraja la Severn asiseme yeye ni nani. Ni nzito na ya giza zaidi, lakini wapo ambao *Marbles* haikuwagusa na hii ikawashika shingo. Kwenye santuri ilitoka kama mbili, na upande wa mwisho ulichongwa mifereji miwili, hivyo sindano ilipoangukia ndipo palipoamua utasikia mwisho upi.

*Nimeipenda, nataka inayofuata.* *Subterranea* ya IQ, mwaka 1997, diski mbili, zaidi ya dakika 100. Mtu amefungiwa tangu zamani mbali na dunia, kisha anaachiwa ghafla barabarani, na polepole anagundua kuwa alikuwa kitu cha majaribio. Hatua ni zile zile, isipokuwa hapa soma muhtasari wa hadithi kabla ya kuanza, maana wimbo mmoja unamwagikia kwenye mwingine na hakuna vipande vya gololi vya kukuonyesha njia. Wimbo wa mwisho, *The Narrow Margin*, ni dakika 20. Usiuanze kama chaji ya simu iko chini ya asilimia 15 na LUKU inakaribia kuisha.